Nani Atajua Kwamba Hujarudi?



Wajukuu, nimesikia mnavyoisimulia ile filamu ya Mmarekani aliyebanwa na jiwe. Pikipiki zimepangwa kijiweni, abiria hakuna, simu moja inatazamwa na watu watano, na kila anayetoka hapo anakuja na hadithi ile ile: jamaa alijikata mkono kwa kisu akatoka. Sina ugomvi na filamu. Baba zenu walikulia kwenye vibanda umiza, juu ya mabenchi ya mbao, sauti ya Lufufu ikitafsiri juu ya sauti za Wazungu na kuongeza chumvi pale picha ilipopoa. Kupenda picha si kosa. Neno langu ni juu ya kile mnachotoka nacho humo.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Aron Ralston alikuwa na miaka 27, mhandisi aliyeacha kazi ili apande milima. Tarehe 26 Aprili 2003 aliingia peke yake katika korongo jembamba liitwalo Bluejohn, jimbo la Utah. Akiwa anashuka, jiwe la uzito wa kilo kama 360 likachomoka, likamfuata, likaubana mkono wake wa kulia ukutani. Alikaa hapo siku tano na saa saba. Ukizijumlisha ni saa 127, na ndiyo maana filamu inaitwa 127 Hours. Aliiongoza Danny Boyle mwaka 2010, na James Franco ndiye aliyecheza nafasi ya Ralston. Maji aliyokuwa nayo yalikuwa machache, yakaisha, akanywa mkojo wake. Siku ya mwisho akagundua kwamba akijipinda kwa nguvu dhidi ya jiwe anaweza kuivunja mifupa ya mkono. Akaivunja. Nyama akaimalizia kwa kisu butu cha bei rahisi, akateremka kwa kamba ukuta wa mita kama 20, akaanza kutembea juani huku damu ikimtoka.

Mnasema jamaa ana roho ngumu. Nakubali. Mimi nisingeweza, na ninyi nawajua, wengine hapa hadi sindano ya zahanati mnashikwa na watu wawili.

Lakini filamu ile ni ya saa moja na nusu, na kamera imekaa ndani ya korongo pamoja naye karibu muda wote. Yaliyokuwa yanaendelea nje ya korongo hamkuyaona, na huko ndiko uhai wake ulikokuwa unashughulikiwa. Ralston hakumwambia mtu yeyote anakwenda wapi. Filamu haifichi, inamwonyesha akijizomea mwenyewe mbele ya kamera yake ndogo kwa sababu hiyo hiyo. Siku zile zote angeweza kupiga kelele hadi koo lipasuke, wala hapakuwa na mtu duniani aliyejua atege masikio upande gani. Aliyeanza kumtafuta ni mahali pake pa kazi, alipokosekana zamu yake. Wakampigia simu mama yake. Mama hakukaa kusema "atarudi tu, ndiye alivyo". Alihangaika na rafiki za mwanawe, wakaingia hadi kwenye barua pepe zake kutafuta dalili ya alikoelekea, wakawabana askari, mpaka gari lake likaonekana limeachwa mwanzoni mwa njia ya makorongo. Kwa hiyo siku Ralston anajikata mkono, helikopta ilikuwa tayari inazunguka juu ya eneo lile. Alikutana na familia ya Waholanzi waliokuwa wakitembea, wakampa maji na biskuti, na baada ya muda helikopta ikamchukua.

Waliolipima jambo hili baadaye walisema hivi: angejikata siku mbili tatu mapema, damu ingemwishia njiani kabla ya kumfikia mtu. Asingejikata kabisa, wangemkuta amekufa. Kisu kilimtoa kwenye jiwe. Kilichomtoa Utah akiwa hai ni mama aliyejua kwamba mwanawe hajarudi. Kijiweni naona mnakisifu kisu.

Hapa Hombolo nani atajua kwamba hujarudi? Nauliza kwa sababu nawaona mnavyoondoka. Zamani kijana akienda mbali alizunguka nyumba za wakubwa, akaaga, akapewa unga na maneno. Mwaka wa njaa watu walipokwenda kuhemea, boma zima lilijua nani kaelekea Kondoa na nani kaelekea kwa wajomba Mpwapwa, maana asiporudi kabla ya mvua mtu angefuata njia ile ile. Leo kijana analala nyumbani Jumapili, Jumatatu hayupo. Ukimuuliza mama yake, anasema "nadhani machimboni Haneti, au Merelani, simu haipatikani". Mwezi unapita. Mama anaendelea kupalilia uwele na kudhani. Jioni ng'ombe wakiingia zizini tunawahesabu mmoja mmoja, akikosekana ndama mmoja watu hawali mpaka apatikane. Kijana wa miaka 19 anakosekana msimu mzima na tunasema yuko kutafuta maisha.

Najua kwa nini hamuagi. Mnaogopa kuzuiwa. Mnaogopa pia kurudi mikono mitupu mbele ya watu mliowaahidi, kwa hiyo mnaona heri kuondoka kimya ili hata kushindwa kuwe kimya. Na wengine, tuseme ukweli, mnakimbia mkopo wa pikipiki. Hayo yote nayaelewa. Lakini shimo halijui sababu yako.

Mwaka 2008 habari za rubi za Winza, hapa hapa mkoani Dodoma, wilaya ya Mpwapwa, zilivuta maelfu ya watu kwa miezi michache. Haneti nako wachimbaji wanafuata yale mawe ya kijani. Siwezi kumwambia kijana asiende, maana mvua yetu ni ya msimu mmoja, milimita mia tano na kitu kwa mwaka zikiwa zimetuhurumia, na zabibu bei yake inapangwa na mnunuzi. Nendeni. Ila mnajua Machi mwaka huo huo wa 2008 ilitokea nini Merelani? Mvua kubwa ilishuka usiku, maji yakajaa mashimoni, wanaapolo, wachimbaji wa huko, makumi kwa makumi wakafia chini. Na juu kule kazi mojawapo ya kwanza ilikuwa kukisia walioingia zamu ile ni wangapi na ni akina nani. Miaka kumi baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Idadi ya waliopanda hapakuwa na pa kuisoma, kwani mashine ya tiketi ilizama pamoja na mwenye kuishika. Hata hivyo siku mbili baada ya ajali wazamiaji walimtoa fundi mitambo mmoja hai, alikuwa amejibana kwenye chumba chenye hewa chini ya chombo kilichopinduka.

Kisa cha Nyangarata ndicho ninachotaka mkikumbuke kuliko cha Utah. Nyangarata ni machimbo ya dhahabu wilayani Kahama. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara, yaani shimo la kuchimbia, liliporomoka. Baadhi ya waliokuwamo waliokolewa mapema, waliobaki wakahesabiwa wafu. Ilipofika tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye, wakatolewa wanaume watano wakiwa hai, kutoka kwenye kina cha kama mita mia moja. Wa sita alikuwa amefia humo humo. Walikuwa wamekula mende, vyura na mizizi, na kukinga maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka juu. Siku 41, wajukuu, nanyi mnashangaa siku tano.

Filamu juu yao sijaiona. Labda kwa kuwa walikuwa wengi na mtengeneza filamu anapenda mtu mmoja mwenye sura nzuri. Lakini angalieni kilichowaweka. Walikuwa pamoja, gizani, na nguvu ya mmoja ilipopungua wa pili alikuwapo. Halafu waliendelea kuita. Walioisikia sauti ile ni wachimbaji wenzao waliokuwa kazini karibu na hapo, watu wa tochi na sururu kama wao, wakachimba kuifuata. Hakuna mtambo ulioisikia. Kama wale wenzao wangekuwa wamefungasha wakahamia machimbo mengine, siku ya 42 ingepita kimya, na ya 43.

Pori letu wenyewe lina somo la namna hii, la kale kuliko filamu yoyote. Ugogo umekaa katikati ya mapori mawili ambayo misafara ya pwani iliyaogopa kuliko simba. Kwa mashariki, kati ya Mpwapwa na huku kwetu, lilikuwapo Marenga Mkali, ambako hata penye chemchemi maji yalikuwa machungu. Kwa magharibi, ukiuacha Ugogo kuelekea Unyanyembe, lilikuwapo Mgunda Mkali. Wazungu akina Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akaja baadaye, na hakuna aliyethubutu kuvuka mapori hayo kwa ushujaa wa mtu mmoja. Walivuka kwa utaratibu wa wapagazi. Kirangozi alitangulia na bendera. Penye njia panda aliweka tawi au akachora mstari kwa mguu kuziba njia isiyopitwa, ili wa nyuma, mwenye mzigo mzito na miguu iliyovimba, asipotee. Walipika na kunywa mahali penye maji mpaka adhuhuri ipite, wakaondoka jua likianza kulegea, wakalala bila maji, alfajiri wakaendelea mpaka maji ya upande wa pili. Mwendo huo waliuita kuterekeza. Alikuwa anakufa nani? Mara nyingi aliyejitenga: mgonjwa aliyekaa kivulini apumzike kidogo, au aliyeona njia ya mkato.

Njia ya mkato naiona sana kwa vijana wa bodaboda. Mmoja anaingia porini saa nane mchana wa Oktoba, chupa ya maji hana, mafuta ya kupimia, kisa amepata abiria wa kulipa vizuri kwenda machimboni, na kurudi anakata kati ya vichaka "kuokoa muda". Pikipiki ikizima huko, umekwisha kufanya kila kosa la Utah isipokuwa jiwe.

Mkipotea basi, nisikieni mimi mzee wa nyika. Jua la mchana si la kutembelea. Kaa kwenye kivuli cha mbuyu, au chini ya pikipiki yenyewe ukiifunika khanga, na usiiache, maana kitu kikubwa kinaonekana mapema kuliko mtu. Tembea alfajiri na jioni ukiwa na sababu ya kutembea, si kwa sababu ya woga. Ujumbe wa maandishi tuma kabla chaji haijaisha. Mahali ambapo simu ya sauti inakatika, ujumbe mara nyingine hupenya. Andika ulipo kwa kadiri unavyojua: mlima upi uko mkono gani, mto upi umeuvuka. Namba 112 ni ya polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji. Moshi wa majani mabichi unaonekana mbali, ila wakati wa kiangazi angalieni msichome kijiji cha watu mkitafutwa.

Maji. Sisi wa Hombolo hatuhitaji kufundishwa kwamba maji ya kuonekana si yote ya kunyweka. Bwawa letu limekuwapo tangu 1957 na chumvi yake mnaijua kwenye chai. Kiangazi mto wa mchanga haujafa, umejificha. Tafuta kona ya mto, upande wa nje ambako maji ya masika hupiga ukingo, mahali penye majani mabichi au nyayo mpya za wanyama, uchimbe kwa mikono au fimbo, ungoje maji yajichuje. Bibi zenu walifanya hivyo kila Septemba bila kupewa tuzo. Matunda ya porini, kuleni yale mnayoyajua kwa jina tu: mabuyu, ukwaju, furu. Lisilo na jina kwenu liacheni kwenye mti.

Mwishoni mwa Desemba 2024 huko Zimbabwe mtoto wa miaka kama minane alipotea katika hifadhi ya Matusadona, penye simba na tembo, akakaa siku tano. Alikula matunda ya porini, akalala juu ya mawe, na akachimba mchanga wa mto mkavu kwa kijiti akapata maji. Nani alimfundisha? Kwao ni nchi ya ukame kama kwetu. Lakini hapa pia kuna upande wa pili. Kijiji kilikuwa kinapiga ngoma kila usiku ili asikie aelekee sauti, na askari wa hifadhi walizifuata nyayo zake ndogo mpaka wakamkuta. Walijua kwamba amepotea. Mtoto wa miaka minane alikuwa na watu wa kumhesabu, na kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye simu mbili hana.

Jambo la mashimo nalirudia kwa sababu linaua hata wasiopotea. Usiingie duarani peke yako, wala kwenye duara lililoachwa kwa kuona matimba yake, yale magogo ya kuzuia udongo, bado yamesimama. Na kisima au shimo ambalo pampu ya petroli imekuwa ikiunguruma ndani yake usilishuke. Hewa yake ni sumu, haina harufu wala rangi. Mmoja akianguka, ndugu yake anaruka kumwokoa, anaanguka; wa tatu anaruka. Nyumba moja inazika watatu kwa siku moja, na wawili kati yao walikuwa na upendo tu. Zima pampu ukiweza bila kushuka, teremsha kamba, ita watu, na aliyeko juu abaki juu mpaka kuna namna ya kumpa hewa safi.

Hilo la wanaofuata kuokoa filamu nyingi zinalipita. Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria walipanda Mlima Kenya, Gert Judmaier na Oswald Oelz. Judmaier akaanguka karibu na kilele cha Batian, mguu ukavunjika vibaya. Oelz alishuka kuita msaada na kurudi juu kukaa naye. Ilichukua siku tisa kumshusha, kwa wapanda milima wa Kenya na wengine waliorushwa kutoka kwao Austria, na Judmaier aliishi. Rubani wa helikopta, Mmarekani, alianguka nayo mlimani akafa. Alikuwa amekwenda kumwokoa mtu asiyemjua. Lile jiwe la Utah nalo, baada ya Ralston kuokoka, lilihitaji wanaume 13 na vifaa vya kuinulia ili tu kuutoa mkono aliouacha.

Kwa hiyo mkitaka kwenda, Merelani, Haneti, Geita, Dar es Salaam kuuza maji barabarani, nendeni na baraka zangu zote. Sihitaji kujua utapata shilingi ngapi. Nataka majina matatu: unakokwenda, unayekwenda naye, na mtu wa huko anayepokea simu. Nataka pia siku ambayo nikiwa sijakusikia nianze kuuliza, nawe uichague mwenyewe ili usije ukasema mzee ananifuatilia. Ukishindwa kuja kwangu, mwambie mama, au mjumbe, au fundi anayekutengenezea pikipiki. Mtu yeyote mwenye kumbukumbu na asiyelewa. Ukibadili machimbo, ujumbe wa maneno manne unatosha, na bando lake ni dogo kuliko la hiyo filamu.

Nanyi mliobaki nyumbani, mnaonisikiliza huku mkitikisa vichwa kama kwamba maneno haya ni ya wengine, kuna ndugu zenu walioondoka baada ya mavuno na hadi leo hamjui wako duara lipi. Pigeni simu usiku huu. Asipopokea mpigie aliyeondoka naye. Huyo naye asipopatikana, kesho asubuhi twende kwa mwenyekiti wa kijiji, tupeleke jina, picha na jina la machimbo kituo cha polisi, halafu mmoja wetu apande basi. Nauli tutachanga, mimi natoa ya kwanza.